Kuisoma Taa ya Injini: Ishara na Maana katika Pikapu Kuukuu

Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa mapema kwamba ishara si kitu chenyewe. Fundi wa Lokichoggio anayefungua boneti ya Toyota Hilux ya petroli, yenye injini ya 22R-E ya miaka ya mwanzo ya 1990, hulijua jambo hilo bila somo la nadharia.

Gari la rika hilo halihitaji kompyuta ya kulipima. Fundi huunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili, TE1 na E1, katika kisanduku kilicho chini ya boneti, kisha hufungua swichi pasipo kupiga stata. Taa ya injini ikimemeta mfululizo kwa mwendo ulio sawa, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikimemeta mara mbili, ikatua, ikamemeta tena mara mbili, huo ni msimbo 22: mkondo wa kitambuzi cha joto la maji una kasoro.

Tuzingatie neno “mkondo”. Msimbo haukusema kwamba kitambuzi kimekufa. Huenda waya umekatika, au soketi imeingia kutu. Msomaji wa pupa hufunga safari ya Lodwar, kilomita zipatazo 200, kununua kitambuzi kipya, na akirudi taa ingali yawaka. Fundi makini hupima waya kwanza, kisha ukinzani wa kitambuzi, ambao huwa mkubwa injini ikiwa baridi na hupungua ipatapo moto.

Land Cruiser za dizeli zenye injini ya 1HZ na pampu isiyo ya kielektroniki hazina msimbo wa kusoma. Hapo fundi husikiliza mngurumo na kutazama rangi ya moshi.