Barafu ya Rwenzori yazidi kulegea

KAMPALA – Mchuuzi wa samaki katika mwalo wa Ggaba hahitaji kufundishwa kwamba barafu hazilingani. Iliyotoka sasa hivi kwenye friza hugoma kuvunjika. Iliyokaa juani kidogo hupondeka mkononi hata kabla haijayeyuka yote.

Kanuni hiyo ndiyo inayowahangaisha waongoza wapanda mlima wa Kasese, zaidi ya kilomita 300 magharibi mwa jiji hili. Barafu ya milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109 mpakani mwa Uganda na Kongo, iko karibu na nyuzi sifuri. Hapo maji hupenya kati ya chembe zake, nayo hulegea. Barafu yenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni ngumu kupinda mara kadhaa zaidi.

Mahali nako kuna neno lake. Katika bahari za kaskazini ya mbali, maji huganda yakifika kama nyuzi 1.8 chini ya sifuri, na chumvi hubaki ndani katika vijifuko vya maji. Joto likipanda, vijifuko hupanuka na barafu hudhoofika. Barafu iliyodumu miaka mingi huwa imekwisha kuchuja chumvi yake, hivyo ni imara kuliko ya msimu mmoja.

Ya Rwenzori haina chumvi, lakini ipo jirani na ikweta, ambako hakuna majira ya baridi ya kuikaza upya. Ndiyo maana wapandaji huondoka kambini usiku wa manane, wavuke kabla jua halijailainisha.

Mwaka 1906, mtawala mdogo wa Abruzzi kutoka Italia alipofika kileleni, barafu ilienea kilomita za mraba 6.5 hivi. Kufikia 2003 ilibaki chini ya moja. UNESCO ilionya mwaka 2022 kwamba barafu zote za Afrika huenda zikatoweka ifikapo 2050. Zimebaki Rwenzori, Mlima Kenya na Kilimanjaro tu, yote ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Wakonzo huiita theluji hiyo Nzururu. Ikiondoka, waongozaji na wapagazi wao watabaki na mwamba mtupu, na kazi ya kumshawishi mgeni aje kuupanda.