Mchikichi Kakamega: mvua ipo, joto je?

Kwa kigezo cha mvua peke yake, Kakamega inaufaa mchikichi. Msitu wake ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua ya Guinea na Congo, na Guinea na Congo ndiko mchikichi ulikotoka. Mvua hapa hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mti huu unakitaka.

Kikwazo ni mwinuko. Mji wa Kakamega uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake ni karibu nyuzi 20. Mchikichi hustawi kati ya nyuzi 24 na 28. Usiku ukipoa mno, majani huchelewa kuchomoza, na jani likichelewa mkungu nao huchelewa, kwani kila kwapa la jani hubeba shada moja tu la maua, ama dume ama jike. Jinsia ya shada hilo huamuliwa takriban miaka miwili kabla halijachanua. Ukame wa leo utamfanya mkulima avune mikungu michache wakati ambapo yeye mwenyewe ameshausahau.

Ndiyo maana watafiti walikwenda kutafuta wazazi kwenye maeneo yenye ubaridi: nyanda za juu za Bamenda nchini Cameroon, na Kigoma nchini Tanzania. Mbegu chotara zenye damu hiyo zilizalishwa Costa Rica, zikaletwa magharibi mwa Kenya. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliripoti kwamba miti iliyotokana nazo ilikuwa imeanza kuzaa.

Uvumilivu wa baridi hautoshi. Aina ya tunda nayo ina uzito wake. Chukua chikichi moja, ulikate katikati kwa kisu kikali. Kisu kikigota kwenye ganda nene na nyama ikawa kidogo, hiyo ni dura. Ganda likiwa jembamba, na ukaona duara la nyuzi nyeusi limelizunguka, hiyo ni tenera, yenye nyama nyingi na mawese mengi. Siri yake ilielezwa mwaka 1941 na Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wa Yangambi huko Congo: tenera ni mtoto wa dura na pisifera, aina isiyo na ganda ambayo kwa kawaida mikungu yake huoza kabla ya kukomaa. Kwa hiyo mkulima anayeokota mbegu chini ya tenera yake na kuzipanda hupata mchanganyiko wa aina zote tatu, na atakuja kuugundua miti ikianza kuzaa, shamba likiwa limekwisha kujaa.

Mbegu zenyewe hazina haraka. Vitaluni hupashwa joto la karibu nyuzi 39 kwa wiki kadhaa ndipo zikubali kuota, kisha miche hulelewa kwa mwaka mmoja hivi. Shambani hupandwa kwa umbali wa mita 9, kwa mpangilio wa pembetatu, na hekta moja huchukua miti 143. Miaka ya mwanzo nafasi hiyo hubeba maharagwe au karanga bila tatizo.

Kuna pia mchavushaji. Kazi hiyo hufanywa hasa na fukusi mdogo, Elaeidobius kamerunicus, anayezaliana ndani ya maua dume. Malaysia ilikuwa ikichavusha kwa mikono hadi fukusi huyo alipopelekwa kutoka Cameroon mwaka 1981. Shamba dogo lililo mbali na michikichi mingine linaweza kutoa mikungu yenye matunda machache, hata kama mbolea imetiwa vizuri.

Mkungu ukishakatwa, saa zinahesabika. Tunda lililopondeka huanza kuvunja mafuta yake lenyewe, na mawese hupata ukali. Inafaa matunda yachemshwe ndani ya siku moja.

Kwa hiyo, kabla ya kuulizia bei ya lita, mkulima wa Kakamega aulize mambo mawili: kitalu kimetoa wapi mbegu, na kinu cha kukamulia kiko umbali gani. Mchikichi huvunwa kwa miaka 25 au zaidi. Mbegu isiyofaa haitibiki kwa mbolea, na mkungu uliochelewa barabarani haurudishiwi ubora wake kinuni.