Bibi wa Ross na Msikiti wa Uwandani

Mwezi huu twapenda kumkumbuka bibi mmoja ambaye hakutunga kitabu wala hakupanda mimbari, lakini athari yake haikufutika.

Bibi huyo ni Mary Juma, mzaliwa wa nchi za Sham. Mwaka 1899 yeye na mumewe walihamia Marekani, wakaanza kwa uchuuzi, wakitembeza bidhaa mji hata mji. Kiasi cha mwaka 1902 walifika Ross, katika North Dakota, penye uwanda mtupu na theluji kali. Sheria ya huko ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi eka 160 kwa sharti akae na kulima miaka 5. Wakajenga, wakalima; na mwaka 1903 akazaliwa mwana wao Charles.

Waislamu wengine wa Sham nao wakakaa hapo. Msikiti haukuwapo, basi nyumba zao ndizo zilizokuwa misikiti: humo waliswali, na Ramadhani wakafunga. Hata mwaka 1929 ndipo walipojenga msikiti mdogo, nusu yake umezama ardhini. Mwaka 1939 bibi alihojiwa habari za maisha yake, na maneno yake yakahifadhiwa.

Lakini tuzingatie yaliyofuata. Wazee walikufa, vijana wengi wakahama, na katika miaka ya 1970 msikiti ule ukabomolewa. Yakabaki makaburi. Kisha, mwaka 2005, kwa juhudi za Sarah Allie Omar, binti wa jamaa zile za mwanzo, na watu wake, ukasimamishwa msikiti mwingine mdogo pale pale.

Msikiti ule ulizaliwa majumbani, na nyumba zilipotawanyika, nao ukaanguka. Mimi ni mwalimu wa chuo, na miaka yote nimeona vivyo hivyo: mtoto ambaye kwao hapaswaliwi, nimfunzalo asubuhi hulisahau jioni.

Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba mja akifa amali yake hukatika ila kwa matatu: sadaka idumuyo, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema amwombeaye. Basi mwenye bibi aliye hai na amkalishe wajukuu leo, awasimulie dini ilivyofika nyumbani mwao, kabla hajaondoka nayo kaburini.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia. Amin.