Foleni ya Pasipoti Sirari na Ndege Isiyongoja

Hifadhi ya Serengeti ina viwanja vidogo vya ndege kadhaa, Seronera, Kogatende na Grumeti miongoni mwao, na hakuna hata kimoja chenye dirisha la Uhamiaji. Ndege inayotoka nje ya nchi haiendi kutua huko moja kwa moja. Abiria lazima awe amegongewa muhuri kwingine kwanza, kama vile Kilimanjaro, Dar es Salaam, Zanzibar, au, kwa anayetoka upande wa Masai Mara, kwenye mpaka wa Sirari wilayani Tarime.

Ndiyo maana kuna safari moja ambayo wageni wengi huishangaa wakionyeshwa ratiba yake. Unapanda ndege ndogo Masai Mara na kushuka Migori, bado uko Kenya. Gari linakupeleka Isebania, upande wa Kenya wa mpaka, unavuka hadi Sirari, unaendelea kwa barabara mpaka uwanja mdogo wa Tarime, kisha unapanda ndege ya kampuni ya Tanzania inayokushusha Kogatende au Seronera. Kwenye ramani, ulikotoka na unakokwenda kunapakana. Zamani palikuwa na njia ya mkato, Bologonja, iliyounganisha hifadhi hizi mbili kwa barabara. Mpaka ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika. Ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini Bologonja haikurudishwa kuwa mlango wa watalii. Tangu hapo mgeni huzunguka.

Kwa hiyo wilaya za Tarime na Serengeti zina tatizo la uwanja wa ndege wa kimataifa bila kuwa na uwanja wenyewe. Ndege mbili, za kampuni mbili, zimefungwa pamoja na foleni ya pasipoti iliyo katikati. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni jepesi: nitenge muda gani? Wanaouliza hutaka namba moja, na namba wanayoitaka ni wastani. Wastani ndio unaowaponza.

Chukua mfano wa kubuni. Siku tisa kati ya kumi unavuka kwa dakika 20. Siku ya kumi unakaa saa tatu. Jumlisha, gawanya kwa kumi: wastani ni dakika 36. Aliyejitengea dakika 36 atafika mapema siku tisa, na siku ya kumi ataiona ndege yake ikiwa angani. Hakuna siku hata moja ambayo zile dakika 36 zilimsaidia. Anayepanga safari yenye kitu kisichongoja apange kwa kuitazama siku mbaya, aamue ni ubaya wa kiasi gani yuko tayari kuubeba.

Siku mbaya hutoka wapi? Wengi hudhani maofisa wamezembea. Mara nyingine ni kweli. Lakini foleni ina tabia yake hata pale kila mtu anapochapa kazi, na tabia hiyo ilianza kuandikwa kihesabu mwaka 1909 na Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyekuwa akishughulika na simu za Copenhagen. Tuseme ofisa mmoja anahudumia mtu kwa wastani wa dakika mbili, yaani watu 30 kwa saa, na watu wanafika bila mpangilio. Wakija 15 kwa saa, utangoja kwa wastani dakika mbili kabla ya kufikiwa. Wakija 24, dakika nane. Wakija 27, dakika 18. Wakifika 29 kwa saa, dakika 58. Tazama hapo: kutoka 24 hadi 27 ni watu watatu tu walioongezeka, na kungoja kumezidi mara mbili. Dirisha linapokaribia kujaa, hakuna tena pumzi ya kufidia. Mtu mmoja mwenye fomu isiyokamilika huchelewesha wote walio nyuma yake, na wale wa nyuma hawatapata nafasi ya kupungua kabla wengine hawajafika.

Hesabu hiyo ni ya watu wanaokuja mmoja mmoja. Sirari hawaji hivyo. Huja na mabasi. Barabara hii ndiyo inayounganisha Mwanza na Musoma kwa upande mmoja, Kisii na Nairobi kwa upande mwingine, na basi likisimama hushusha watu 50 kwa mpigo. Kwa dakika mbili kila mmoja na dirisha moja, wa mwisho atangoja zaidi ya saa moja na nusu. Madirisha mawili, karibu dakika 50. Basi la pili likifika nyuma ya la kwanza, piga hesabu mwenyewe. Hii ndiyo sababu dereva mzoefu wa njia hii akikaribia mpaka haulizi kama kuna watu wengi. Anampigia mwenzake simu kuuliza kama kuna basi limeingia. Familia ya watu wanne iliyotangulia basi kwa dakika tano inaweza kuokoa saa nzima, na iliyosimama Isebania kununua soda inaweza kuipoteza.

Sasa kuhusu jengo lenyewe. Sirari na Isebania ni kituo cha pamoja cha mpakani, mtindo uliowekewa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Unapoingia Tanzania, unapita upande wa Kenya bila kusimama. Muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania yote miwili hugongwa ndani ya jengo la Sirari, dirisha likifuatana na dirisha. Ukitoka Tanzania, yote hufanyika Isebania. Watu husifu kwamba foleni mbili zimekuwa moja. Ni sawa, safari ya kutembea kutoka jengo hadi jengo imeondoka. Ila kazi bado ni mbili, na ukiwa mgeni asiye wa Afrika Mashariki bado unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kilichopungua zaidi ni kuhangaika, na hilo nalo si haba, maana mtu anayehangaika ndiye chakula cha vishoka wanaozunguka nje wakijifanya mawakala.

Muda mwingi unaopotea Sirari, kwa maoni yangu, haupotei kwenye pasipoti. Unapotea kwenye karatasi ambazo msafiri angeweza kuzimaliza akiwa kitandani kwake. Ya kwanza ni kadi ya njano. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, kwa hiyo anayetoka huko anadaiwa cheti cha chanjo kabla hajafika kwa ofisa wa Uhamiaji. Chanjo huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti kimoja ni cha maisha, hata kama juu yake pameandikwa miaka kumi. Mtalii aliyetoka Ulaya akapita Nairobi na kukaa siku nne Masai Mara hujiona anatoka Ulaya. Ofisa wa afya anamwona anatoka Kenya, na ofisa yuko sahihi.

Ya pili ni viza. Tangu Novemba 2018 Tanzania inatoa viza kwa njia ya mtandao. Ya kawaida ni dola 50. Wamarekani hulipa dola 100 na kupewa ya kuingia mara nyingi. Viza ya kupatia mpakani ipo, lakini ina hatua zake: fomu, malipo, risiti, kurudi dirishani. Kila hatua ni foleni ndogo ndani ya foleni kubwa, na mtandao ukikatika zote husimama kwa pamoja. Raia wa baadhi ya nchi, Somalia na Afghanistan zikiwemo, hupewa viza ya rufaa inayohitaji kibali kutoka makao makuu, na hao wasifike Sirari kabisa bila majibu mkononi. Kuna pia ile viza ya pamoja ya watalii wa Afrika Mashariki ya dola 100, iliyoanza mwaka 2014. Jina lake linadanganya. Ni ya Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo.

Na wenyeji? Wakurya wanaishi pande zote mbili za mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 kuelekea Ziwa Viktoria bila kumwuliza mtu. Mkenya anayekuja Tarime kwenye harusi ya binamu yake hana haja ya viza. Lakini akija na kitambulisho cha taifa peke yake atachelewa, kwa sababu Tanzania haikuingia katika utaratibu wa kuvuka kwa kitambulisho ambao Kenya, Uganda na Rwanda ziliuanza mwaka 2014. Mtanzania asiye na pasipoti achukue hati ya dharura ya kusafiria kwenye ofisi ya Uhamiaji kabla ya siku ya safari. Njia za panya zipo, kila mtu anazijua, na bodaboda atakupeleka kwa bei ndogo. Shida yake huanza ukihitaji kuonyesha muhuri wa kuingia uliko, na muhuri huna.

Wapo pia watoto wa miji ya Tarime na Mugumu waliochukua uraia wa Marekani au Uingereza. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo dirishani ndugu yetu huyu ni mtu mwenye pasipoti ya kigeni, hata akisalimia kwa Kikurya kizuri kuliko cha ofisa. Anayetua Nairobi na kushuka kwa barabara aongeze jambo jingine: tangu Januari 2024 Kenya inataka idhini ya safari ya mtandaoni kwa wageni wengi, na raia wa Afrika Mashariki ni miongoni mwa waliosamehewa. Pasipoti ya Marekani haimfanyi mtu kuwa raia wa Afrika Mashariki. Mama anayemngoja nyumbani na chakula mezani asiambiwe saa ya kufika. Aambiwe nusu ya siku tu: asubuhi au jioni.

Msimu nao una lake. Nyumbu huvuka mto Mara eneo la Kogatende kati ya Julai na Oktoba, na watalii wa Masai Mara wanaotaka kuona pande zote mbili huja miezi hiyohiyo. Desemba ni ya wenyeji, watu wanarudi nyumbani kwa sikukuu na kwa sherehe za koo. Anayeweza kuchagua avuke katikati ya wiki, asubuhi, baada ya mabasi ya usiku kutawanyika.

Kupanga kwenyewe kuanzie mwisho kurudi nyuma. Tafuta kwanza kile kisichongoja. Kama ni ndege ya Tarime ya saa nane mchana, unatakiwa uwe uwanjani saa saba na nusu. Kutoka Sirari hadi Tarime weka nusu saa: saa saba uwe umetoka mpakani. Mpaka wenyewe utengee muda wa saa mbili: uingie saa tano. Kutoka Migori hadi Isebania weka dakika 45: gari liondoke Migori saa nne na robo, na ndege ya kutoka Masai Mara iwe imetua kabla ya hapo. Anayekupangia ndege ya Masai Mara ya saa tano ili uwahi ya Tarime ya saa nane anakuuzia kamari. Usikubali kuhamishiwa ndege ya jioni kama kinga, kwa sababu ndege hizi ndogo zinatua kwenye viwanja visivyo na taa, na jua la huku huzama kati ya saa 12:30 na saa moja, kutegemea mwezi. Ndege ya mwisho ikiondoka, umelala Tarime.

Anayekwenda kwa gari ana kisichongoja chake: lango la hifadhi. Magari ya utalii ya Kenya hayaingii katika hifadhi za Tanzania, kwa hiyo hapo Sirari utahamisha mizigo na kukutana na dereva mpya. Kutoka hapo kupitia Tarime, Nyamongo na Mugumu hadi lango la Ikoma ni safari ndefu, na malango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Kama saa nane mchana bado uko kwenye foleni, acha kukimbizana na lango, lala Mugumu. Kibali cha kuingia huhesabiwa tangu unapopita langoni, hivyo kwa kulala nje huibiwi kitu. Asubuhi utaanza na saa zako zote.

Jambo jingine dogo la kibiashara: nunua ndege zote mbili na gari la katikati kwa wakala mmoja, kwa ratiba moja. Ukinunua vipande vipande, rubani wa Tarime hajui kwamba upo duniani. Ukinunua kwa pamoja, kuna mtu mwenye simu ambaye hasara yako ni hasara yake.

Yote haya ni kazi ya msafiri kubahatisha jambo ambalo serikali tayari inaweza kulijua. Kila pasipoti inayosomwa na mashine dirishani huacha saa na dakika. Idara ya Uhamiaji ingeweza kuzijumlisha kwa saa na kwa siku ya wiki, mwezi baada ya mwezi, kisha ikabandika ubao Sirari na kuweka jedwali hilohilo kwenye tovuti yake: watu wangapi walihudumiwa saa ngapi, na lini foleni ilizidi saa moja. Haihitaji jengo jipya wala mkopo. Waanze na mwezi wa Julai, wakati watalii na mabasi hukutana mlangoni.