Shanga Ndogo Ziogeleazo



Muhula uliopita mpishi wetu alitupa kipande cha ini bichi, nasi tukakitia katika bilauri yenye haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda. Mara likafura povu hata likamwagika mezani. Kipande kilichochemshwa hakikufanya neno. Mwalimu akatueleza kwamba ndani ya ini mna kimeng'enya kiitwacho katalesi, nacho huivunja dawa hiyo ikawa maji na oksijeni. Moto hukiharibu.

Nikauliza, je, nguvu hiyo yaweza kusukuma kitu? Wengine walicheka. Kumbe mabingwa wamekwisha kuuliza zamani! Mwaka 2004 huko Marekani walionyesha vijiti vidogo mno vya dhahabu na platinamu vikiogelea vyenyewe katika peroksaidi. Lakini ni nani atakayejaza peroksaidi mwilini mwa mtu? Itamdhuru. Basi kikatafutwa chakula ambacho mwili wenyewe unacho, yaani yurea, iliyomo katika mkojo.

Kimeng'enya cha kuvunja yurea huitwa yurezi. James Sumner, Mmarekani, alikipata kikiwa fuwele mwaka 1926 kutoka katika maharagwe makubwa meupe, baada ya kazi ya miaka 9. Mkono wake wa kushoto aliupoteza mawindoni akiwa na umri wa miaka 17, naye alikuwa mtu wa shoto! Wakubwa wengi wa elimu hiyo hawakumsadiki. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1946.

Sasa namna ya kukibandika. Huchukuliwa chembe za silika, ambayo ni ya asili moja na mchanga, nazo ni ndogo hata 2,000 zikipangwa mstari hazijazi milimita 1. Uso wa chembe huvikwa kemikali yenye vishikio, kisha hutiwa glutaraldehaidi, ambayo ni kama ina mikono miwili: mmoja hushika chembe, wa pili hushika kimeng'enya. Hapa ndipo penye kazi. Kimeng'enya ni protini iliyokunjwa kwa namna yake, nayo ina mahali pake pa kulia. Ukikibana mno, au ukipaziba mahali hapo, umebaki na mchanga tu. Kikishikwa vema, huivunja yurea kuwa amonia na kaboni dioksaidi, na mtawanyiko wa vitu hivyo huisukuma chembe.

Mtasema nimejisumbua kwa nini. Babu yangu ana saratani ya kibofu. Dawa hutiwa kwa mrija, naye huambiwa ajizuie muda, maana akienda haja nyingine hutoka nayo. Mwaka 2024 mabingwa wa Barcelona, Hispania, wakiongozwa na Samuel Sánchez, walitangaza kwamba chembe za yurezi zilizobeba ayodini yenye mnururisho zilienea kibofuni mwa panya, zikaingia katika uvimbe wenyewe. Kwa dozi moja uvimbe ulipungua karibu asilimia 90.

Wakati wa likizo nilimweleza babu haya yote, na habari za maharagwe pia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na watu je, mjukuu wangu?"

"Bado, babu. Ni panya tu."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimsogezee kiti kivulini.