Chupa Isiyo na Jina: Tahadhari kwa Wazazi Kuhusu Majimaji ya Sigara za Kielektroniki

Katika toleo hili tunapenda kufafanua jambo ambalo wazazi wengi hawajapata kuelezwa, nalo ni hatari ya majimaji ya sigara za kielektroniki yanayochanganywa na kuhifadhiwa majumbani.

Majimaji hayo kwa kawaida huwa na propileni glikoli, gliserini ya mimea, vionjo vya matunda au peremende, na nikotini. Nikotini huharibika inapopata hewa, mwanga na joto: hugeuka rangi kuwa ya manjano, kisha ya kahawia, na makali yake hupungua. Kwa sababu hiyo, wanaoichanganya huitia katika chupa ndogo zenye rangi ya giza, huzijaza karibu na mdomo ili hewa isibaki ndani, na kuziweka mahali pa baridi pasipo mwanga. Katika nyumba zetu, mahali penye sifa hizo ni friji, au kabati la jikoni.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Njia ile ile inayoyahifadhi majimaji yasiharibike ndiyo inayoyasogeza karibu na chakula na mikono ya watoto. Harufu yake ni ya embe au ya peremende, na chupa haina maandishi. Mtoto atajuaje kwamba si sharubati?

Tazameni hesabu hii. Mtu anayevuta sigara moja ya kawaida huingiza mwilini takriban miligramu 1 hadi 2 za nikotini. Majimaji yenye miligramu 20 kwa kila mililita yakijaa kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, huwa na miligramu 100. Ikiwa ni nikotini ya kuchanganyia yenye miligramu 100 kwa mililita, kijiko hicho hubeba miligramu 500. Tena sumu hii hupenya hata kwenye ngozi.

Wengine wamekwisha kujifunza kwa uchungu. Mwaka 2014, mtoto mdogo katika jimbo la New York, Marekani, alifariki baada ya kunywa nikotini ya majimaji. Mwezi Januari 2016, nchi hiyo ilipitisha sheria ya kutaka chupa hizo ziwe na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kwa urahisi. Chupa ya kuchanganyia nyumbani mara nyingi haina kinga hiyo.

Hapa Uganda, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuingiza nchini, kutengeneza, kusambaza na kuuza sigara za kielektroniki. Kwa hiyo mwenye chupa huificha, na kinachofichwa hakiandikwi jina. Mtoto anapoinywa, mzazi huweza kusitasita akihofia maswali. Tunasema bayana: uhai wa mtoto hutangulia. Mpelekeni hospitali kwanza, na mwelezeni daktari ukweli wote.

Dalili za mwanzo ni kutapika, kutokwa na mate mengi na jasho, kupauka uso na moyo kwenda mbio. Baadaye huja ulegevu, degedege na kupumua kwa shida. Mkiona hayo, au mkishuku tu, fanyeni yafuatayo:

1. Msimlazimishe mtoto kutapika, wala msimnyweshe maziwa au mafuta.
2. Yakimwagikia mwilini, mvueni nguo zilizolowa na kumwosha kwa maji mengi. Yakiingia machoni, yaosheni kwa maji safi kwa dakika 15.
3. Akipoteza fahamu lakini anapumua, mlazeni ubavu.
4. Chukueni chupa yenyewe muende nayo hospitali.

Wala funzo hili si la nikotini peke yake. Mafuta ya taa na dawa za kuua wadudu hutiwa kila siku katika chupa za soda na kuwekwa chini ya meza. Msihamishie kitu chochote chenye sumu katika chombo cha kinywaji. Kiacheni katika chombo chake cha asili, kiandikwe SUMU, kifungiwe kwa kufuli mbali na chakula, juu pasipofikiwa na mtoto.

Kwa msaada wa dharura, pigeni simu 999 au 112 bila malipo. Tahadhari kabla ya hatari.