Mhusika Bapa Si Mhusika Mbaya

Muulize mwanafunzi wa Gredi ya Saba mhusika bapa ni yupi, atakujibu bila kusita: ni yule asiyebadilika. Na mhusika duara? Ni yule anayebadilika. Amekariri vizuri, na alama atapata. Sasa mpe kitabu chenyewe, umwombe akuonyeshe ukurasa ambao mhusika huyo amebadilika. Darasa zima litainamia madawati.

Wanafunzi wa sekondari msingi hawakosi akili ya kuisoma hadithi. Wengi wana miaka 12 hadi 14, na kutwa kucha wanachunguza tabia za watu: rafiki aliyegeuka, shangazi asiyegeuka, mwalimu mkali anayecheka akiwa nje ya shule. Ila sisi walimu tunawapa majina ya aina za wahusika kabla hawajakutana na wahusika wenyewe, na jina likitangulia, jicho hulala.

Aliyezipa nguvu dhana hizi mbili ni E. M. Forster, mwandishi Mwingereza, katika kitabu chake Aspects of the Novel cha mwaka 1927. Kipimo chake hakikuwa mabadiliko peke yake. Aliuliza: je, mhusika huyu anaweza kutushangaza, na mshangao huo tukauamini? Asiyeweza kutushangaza ni bapa. Anayetushangaza tusimwamini ni bapa anayejitia uduara. Wala Forster hakuwadharau wahusika bapa. Alikubali kwamba karibu wahusika wote wa Charles Dickens ni bapa, na bado akamhesabu Dickens kuwa mwandishi mkubwa. Nukta hii hupotea sana darasani. Mwanafunzi husikia “bapa” akadhani mwandishi ameshindwa kazi, au mhusika mwenyewe ni mtu mbaya.

Mimi ningeanza na Sungura. Kila mtoto anakijua kisa cha kisima: wanyama wanachimba, Sungura anakataa kuchimba, kisha usiku anakuja kunywa. Kobe anajipaka ulimbo, anajificha majini, na Sungura ananasa. Hata hapo anatafuta hila nyingine ya kuponyoka. Hadithi hii inahitaji Sungura asiyebadilika, kwani akijuta kweli usiku ule, kesho hakuna hadithi. Hapo hapo mwalimu amefundisha jambo la pili: Sungura ni mhusika mkuu na ni bapa, yote mawili kwa pamoja. Ukuu hupimwa kwa nafasi ya mhusika katika kisa, ubapa kwa kina cha nafsi yake. Mizani hizi mbili zisipotenganishwa mapema, mwanafunzi ataendelea hadi mwisho wa sekondari akiamini kwamba kila mhusika mkuu ni duara na kila mhusika mdogo ni bapa.

Baada ya Sungura, twende kwa Shaaban Robert. Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kinafaa sana umri huu. Wahusika wake Adili, Hasidi na Mwivu wamebandikwa tabia kwenye majina, na mwanafunzi hukimbilia kusema wote watatu ni bapa, kazi imekwisha. Msimruhusu akimbie. Msomeeni pale Ikibali, mjumbe wa mfalme, anapomchungulia Adili usiku. Adili anawachapa manyani wawili kwa mjeledi, kisha anawakumbatia, analia, na kuwalisha kwa mkono wake. Manyani hao ni ndugu zake wa damu waliomtupa baharini, na jini ndiye aliyemwamuru awachape kila usiku. Waulizeni wanafunzi: mkono unaochapa na macho yanayolia, ni vya mtu bapa? Wengine watasema Adili ni yule yule mwema, amebanwa tu na amri. Wengine watasema anayeweza kubeba mapenzi na adhabu kwa wakati mmoja hatoshi ndani ya jina lake. Nimependa siku zote kuyaacha mabishano haya yaendelee, maana kila upande unalazimika kurudi kitabuni.

Hao ndugu wawili nao wana somo lao. Wanageuzwa manyani, na baadaye wanarudishiwa ubinadamu. Je, wamebadilika? Hapa ndipo kosa kubwa la wanafunzi wetu lilipo: wanachanganya badiliko la hali na badiliko la tabia. Maskini akitajirika, hali yake imebadilika. Akiolewa, akifungwa, akihamia mjini, hali imebadilika. Tabia hubadilika pale mhusika anapofika njia panda ileile aliyowahi kuifikia, akachagua njia nyingine, na uchaguzi huo ukamgharimu kitu. Swali la kumpa mwanafunzi basi si “Amebadilika?” bali “Alichagua nini mwanzo, akachagua nini baadaye, na alipoteza nini?”

Kuhusu mhusika shinda, ambaye vitabu vingine humwita foili, sitakaa sana. Kwa Gredi ya Saba yatosha wajue kwamba kuna mhusika anayewekwa karibu na mwingine ili tabia ya huyo mwingine ionekane vizuri, kama Hasidi na Mwivu wanavyouangaza wema wa Adili.

Gredi ya Tisa ikishafika, waleteeni Kongowea Mswahili wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 1996. Ni kijana aliyefiwa na mama, anayetoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba, na anasimulia maisha yake mwenyewe. Usimulizi wa nafsi ya kwanza hutuingiza ndani ya hofu na aibu zake, na ndiyo maana uduara wake twaugusa upesi. Wanafunzi wajifunze pia kujiuliza: wale wahusika wengine wa riwaya wangekuwa bapa vilevile kama wao ndio wangesimulia?

Kisha wapeni kalamu. Waandike upya kisa cha kisima, aya tatu tu. Sungura ana mtoto mgonjwa nyumbani, na Kobe aliyelinda kisima ndiye aliyewahi kumsaidia. Afanye nini? Mwanafunzi akishahangaika kumfanya Sungura asite na bado tumwamini, hahitaji tena kukaririshwa maana ya mhusika duara.

Walimu wenzangu, mnapotunga mtihani wa muhula, liacheni lile swali la “Taja aina tano za wahusika.” Mpeni mtoto kifungu cha nusu ukurasa asichowahi kukisoma, aseme mhusika ni wa aina gani, na anukuu sentensi mbili za kuthibitisha jibu lake. Mmoja akisema bapa na mwingine duara, na wote wawili wana ushahidi, wote wapewe alama zao.